Kalenda za tarakilishi na ardhi ya majani chai hadi 2109

MWAKA 1915, sheria ya kikoloni iliruhusu walowezi wakodishiwe ardhi kwa miaka 999. Katiba iliyoanza kutumika Agosti 27, 2010 ilikatiza muda huo. Asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa miaka isiyozidi 99.

Ukodishaji wa muda mrefu zaidi uligeuzwa kuwa wa miaka 99 kuanzia siku hiyo. Kwa mashamba ya majani chai ya kampuni za kigeni katika kaunti za Kericho na Bomet, hesabu hiyo inafika Agosti 2109. Swali ni iwapo kalenda za tarakilishi zaweza kufika huko salama.

Mtego wa kwanza ni tarakimu mbili. Zamani hifadhi ya tarakilishi ilikuwa ghali, hivyo mwaka 1999 uliandikwa 99. Ndiyo sababu ulimwengu uliuhofia mwaka 2000: mitambo ingesoma 00 kuwa 1900. Katika rejista ya ardhi, 09 yaweza kuwa 1909, 2009 au 2109.

Mtego wa pili ni Januari 19, 2038. Mitambo mingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Ile ya biti 32 hukomea sekunde 2,147,483,647, ambayo hapa Kenya ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, kalenda hurudi Desemba 1901. Mitambo ya biti 64 imeepuka kikwazo hiki.

Mtego wa tatu ni mwaka 2100. Mwaka unaogawanyika kwa 4 huwa mrefu, lakini wa mwisho wa karne sharti ugawanyike kwa 400. Mwaka 2000 ulitimiza sharti hilo; 2100 hautimizi. Programu isiyojua kanuni hii itaongeza Februari 29 isiyokuwepo, na kila tarehe ifuatayo, hadi 2109, itakosewa kwa siku moja.

Jambo hili si dogo kwa Wakipsigis na Watalai, wanaodai kuwa mababu zao walifurushwa kutoka ardhi hiyo. Siku ya kumalizika kwa mkataba ndiyo siku ya kuamua upya nani apewe ardhi.

Tahadhari si ngumu: mwaka uandikwe kwa tarakimu nne, programu ijaribiwe kwa tarehe za Januari 20, 2038 na Machi 1, 2100, na hati ya karatasi isitupwe.