Mbio za baiskeli za Fort William

Fort William ni mji wa Nyanda za Juu za Uskoti unaojulikana kwa mbio za baiskeli za kuteremka mlima na kwa wingi wa watazamaji wake. Kombe la Dunia la mbio hizo lilifika huko mara ya kwanza mwaka 2002. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalifuata mwaka 2007, na mwaka 2023 mji ulipokea tena mbio za kuteremka za ubingwa huo.

Njia ina urefu wa takriban kilomita 2.8 na hushuka zaidi ya mita 500 kwenye mlima Aonach Mòr. Watazamaji hupanda kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, au kwa miguu kandokando ya njia. Juu ni mawe matupu na upepo. Msituni, penye mizizi na matope, mtu husimama hatua chache tu kutoka mahali magurudumu yanapopita. Chini kuna miruko mikubwa na mstari wa kumalizia.

Washindani huachiwa mmoja mmoja, na aliyefuzu kwa muda bora hushuka mwisho. Anayeongoza huketi kwenye kiti maalumu hapo chini, akisubiri kuona kama atang'olewa. Kila anayetokeza hupokewa kwa kengele za ng'ombe, honi na ngurumo za misumeno ya injini iliyotolewa minyororo. Wazoefu huja na makoti ya mvua, viatu vya mpira na dawa ya kufukuza visubi.