Mililita chache za alkoli ndani ya moyo

Leo tuache kidogo mihogo na mbegu.

Mwaka 1958, London, Donald Teare, dokta wa kupasua maiti, alieleza vijana waliokufa ghafla juu ukuta unaogawa moyo ulikuwa umenenepa kupita kiasi. Ukuta ule ukinenepa, unaziba mlango wa damu. Miaka ya 60, Marekani, Andrew Glenn Morrow alikuwa anafungua kifua na kukata ile nyama. Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo, na ulimuua mwaka 1982.

Halafu 1994, kwenye hospitali ya Royal Brompton, London, Ulrich Sigwart akaacha kisu. Alipitisha mrija mwembamba mpaka kwenye mshipa mdogo unaolisha ukuta ule, akamwaga alkoli safi (si lutuku, tafazali). Kipande kinakufa, kinakonda, damu inapita. Sisi wa agronomia tunaelewa upesi: ziba mfereji, shamba la chini linakauka.

Kumbe ndani ya ukuta huohuo munapita njia za umeme wa moyo: tawi la kuume na tawi la kushoto. Kisu kinaumiza zaidi la kushoto, alkoli la kuume. Sasa fikiria mgonjwa anayefika na tawi la kushoto tayari limekufa. Alkoli inamaliza lile lingine, amri ya kupiga haishuki tena, moyo unapiga polepole sana ao unasimama. Ndiyo maana wanamuwekea kwanza waya wa muda, na wanamuchunga siku kadhaa, juu shida inaweza kuja wakati yeye tayari anakula na kucheka. Karibu mtu 1 kwa 10 anatoka na pesimeka ya kudumu.

Mimi naona bila pesimeka wazo la Sigwart lisingeenda mbali. Ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili ilitengenezwa na Rune Elmqvist, ikawekwa na Åke Senning, Stockholm, mwaka uleule 1958. Ilikufa kisha masaa machache tu!

Madokta wamepunguza alkoli, mara nyingi mililita 1 mpaka 3. Kovu linabaki, na bado wanabishana kama kisha miaka linaweza kuleta mapigo ya mbio ya hatari. Kwa vijana wengi wao wanapenda bado kisu. Na betri ya pesimeka inaisha. Kijana wa Bukavu anayetumwa India aulize mbele ya kupanda ndege: nikirudi, nani ataikagua, na wapi?