Ghala la kuchomeka: somo nililopewa na Zope

Ijumaa moja jioni mwaka 2004 simu ililia. Mteja wangu mmoja hapa Nairobi: tovuti inasomeka, lakini makala mapya hayaingii. Kuingia kwenye seva, nikakuta faili moja, Data.fs, imegonga gigabaiti 2. Python tuliyokuwa nayo haikutayarishwa kwa faili kubwa zaidi ya hapo. Basi!

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1996 Jim Fulton wa kampuni ya Digital Creations, Marekani, alitakiwa kufundisha CGI. Hakuridhika nayo, akabuni njia ya kuchapisha objekti za Python moja kwa moja kwenye wavuti. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Zope, programu huria tangu 1998.

Zope haikuweka kurasa zake kwenye majedwali. Kila objekti, iwe ukurasa au folda, ilifungwa kama kifurushi cha baiti, ikapewa namba na kuwekwa ndani ya ZODB. Ghala la kawaida liliitwa FileStorage. Kila badiliko liliandikwa mwishoni mwa Data.fs bila kufuta la zamani. Ndiyo maana uliweza kutengua kosa la jana, na ndiyo maana faili ilizidi kunenepa hadi uifanyie "pack". Usiku ule pack ndiyo iliyotuokoa.

Sasa utamu wenyewe. ZODB haikujali ghala ni faili au ni nini. Iliuliza mambo machache tu: nipe objekti ya namba hii, pokea hii, anza muamala, uko tayari?; kamilisha. Hata kutengua hakukuwa lazima, ni ahadi ya ziada. Ghala lolote linalotimiza mkataba huo lilichomekwa. Ikaja ZEO, seva kadhaa za Zope zikachota ghala moja kupitia mtandao. Baadaye Shane Hathaway akaandika RelStorage, inayohifadhi ndani ya PostgreSQL, MySQL au Oracle.

Kuna gharama, lakini. Ndani ya RelStorage kifurushi hubaki kifurushi. Huwezi kuandika SELECT ukapata vichwa vya makala. Mkataba mwembamba hukupa uhuru wa kuhama, ila nguvu nyingi za hifadhidata hulala bure.

Mimi je? Mwaka huohuo nilikuwa na programu yangu ya PHP, yenye fopen kila kona. Mteja mwingine akataka MySQL. Kuhama kulinichukua wiki tatu na makosa yasiyohesabika.

Tangu hapo huandika mkataba wa ghala kwanza, kisha maghala mawili: moja la faili, jingine la kumbukumbu ya muda kwa majaribio. La pili likikataa kuchomeka, najua mkataba wangu ni wa uongo. Afadhali nijue siku hiyo kuliko Ijumaa jioni.