Vijana wa parokia: Huduma ya kweli haikomei zawadi za Krismasi

Kila Desemba inapobisha hodi, vikundi vya vijana katika parokia za Kanisa Katoliki nchini Kenya huanza kuchanga unga, mchele, sabuni na nguo, kisha hupeleka shehena hiyo kwa wasiojiweza. Ni ada njema, maadamu kutoa ni moyo wala si utajiri. Hata hivyo, kuna swali ambalo viongozi wa vikundi hivyo hawana budi kulijibu: unga ule ukishaliwa na gari likisharejea parokiani, ni jambo gani huwa limebadilika katika maisha ya mpokeaji?

Swali lenyewe si geni. Limewaandama vijana Wakatoliki kwa takriban karne mbili, na jibu lililopatikana lina uzito kwa Kenya ya leo: huduma inayofaa ni ile inayoanza kwa kumjua mtu, ikaendelea kwa kumrudia.

Chimbuko

Mnamo 1833 mjini Paris, Ufaransa, mwanafunzi wa sheria aliyeitwa Frédéric Ozanam, mwenye umri wa miaka 20, alikuwa akishiriki midahalo na wenzake wasiokuwa na imani. Wapinzani wake walimtaka aonyeshe Kanisa lilikuwa likiwafanyia nini maskini wa jiji lile. Badala ya kusaka hoja nyingine, Ozanam na wenzake wachache waliunda kundi lililokuja kuitwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mtawa Rosalie Rendu, aliyezijua fika nyumba za mafukara wa mtaa wa Mouffetard, ndiye aliyewaongoza.

Kazi waliyoianza ilikuwa rahisi kutaja lakini nzito kutenda: kuzitembelea familia nyumbani kwao. Hawakungoja maskini waje kupiga foleni langoni mwa kanisa. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Ozanam kuwa mwenyeheri mnamo Agosti 1997, mjini Paris, wakati wa Siku ya Vijana Duniani.

Mfano wa pili ni wa Pier Giorgio Frassati wa Turin, Italia. Babake alikuwa mwenye gazeti la La Stampa, lakini kijana huyo alizitumia pesa zake kuwafaa wagonjwa na maskini wa mji huo. Aliaga dunia Julai 1925 kwa maradhi ya polio, akiwa na umri wa miaka 24. Siku ya mazishi, jamaa zake walipigwa na butwaa kuona umati wa watu maskini barabarani, kwani hawakujua kiasi cha kazi aliyokuwa akifanya. Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu mnamo Septemba 7, 2025. Kwa vijana wa siku hizi, ambao aghalabu simu ya kupigia picha hutolewa mfukoni kabla ya mfuko wa unga kufunguliwa, maisha ya Frassati ni somo tosha.

Kuona, kuamua, kutenda

Mbinu ambayo vikundi vingi hufuata iliasisiwa na Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha harakati ya vijana wafanyakazi Wakristo mnamo 1925. Ina hatua tatu: kuona hali ilivyo, kuamua kwa mwanga wa Injili, kisha kutenda. Papa Yohane XXIII aliitaja mbinu hiyo kwa kuiunga mkono katika waraka wake wa 1961, Mater et Magistra. Nchini Kenya, wanafunzi wa shule za sekondari huifahamu kupitia chama cha YCS, nao waumini wengine hukutana nayo katika vijitabu vya Kampeni ya Kwaresima.

Chukua mfano wa ajuza aliyeacha kuhudhuria Misa. Kikundi kinachokurupuka kutenda humpelekea pakiti mbili za unga. Kikundi kinachoanza kwa kuona huketi naye na kugundua kwamba paa linavuja, maji yako mbali na miguu imemlemea. Kinapofika hatua ya kuamua, huuliza swali jingine: je, bibi huyu amesajiliwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, unaowalipa wazee waliosajiliwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi? Iwapo hajasajiliwa, kijana mmoja anayejua kusoma fomu, na aliye tayari kumsindikiza hadi ofisi ya chifu, huenda akamfungulia njia ya kupata Sh24,000 kwa mwaka. Hakuna kapu la Krismasi litakalofikia kiasi hicho.

Kwa kuwa wengi wa vijana hawa ni wanafunzi, vibarua au watafutaji kazi, mali waliyo nayo si pesa. Ni muda, nguvu na elimu.

Nafasi ya jumuiya

Parokia haikosi ramani ya kuongozea kazi hii. Maaskofu wa kanda hii, chini ya shirikisho lao la AMECEA, waliafikiana katika mikutano ya 1973 na 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha Kanisa. Hizi ni familia jirani zinazokutana majumbani kusoma Injili na kusaidiana. Jumuiya hujua ni mlango upi ulio na mgonjwa, ni nani amefiwa na ni mtoto yupi hajarudi shuleni. Kikundi cha vijana kisichoziuliza jumuiya huweza kupeleka unga mahali panapohitajika dawa.

Makao ya watoto

Miongoni mwa ziara zinazopendwa mno na vijana ni zile za makao ya watoto. Hapa pana jambo ambalo viongozi wanapaswa kulizingatia. Serikali ya Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto mnamo Novemba 2017, na mnamo 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, unaolenga watoto walelewe katika familia badala ya taasisi. Sababu ni kwamba wengi wa watoto hao wana mzazi au jamaa aliye hai. Umaskini ndio uliowafikisha huko.

Isitoshe, mtoto anayekumbatiwa na wageni wapya kila Jumamosi, wakacheza naye, wakapiga picha kisha wakatoweka, hujifunza kwamba wanaompenda hawakawii kuondoka. Hii haimaanishi kwamba waliomo makaoni watupwe. Maana yake ni kwamba wanaowatembelea wawe wachache, wanaorudi, na kwamba sehemu kubwa ya michango iwaendee familia zilizo katika hatari ya kutengana. Mjane anayelipiwa kodi ya nyumba kwa miezi miwili, au mtoto anayenunuliwa sare ya shule, huenda asihitaji makao kamwe. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Damu na amani

Zipo huduma zisizohitaji hata senti. Nchini Kenya, wanafunzi wa shule za upili ni tegemeo kubwa la akiba ya damu, na kwa hivyo akiba hiyo hupungua shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba. Huo ndio wakati ambapo vijana wako nyumbani na parokia ziko wazi. Mtu mwenye afya, wa umri wa kati ya miaka 16 na 65 na uzani usiopungua kilo 50, anaweza kutoa damu. Parokia inayoandaa shughuli hiyo kila likizo, kwa ushirikiano na hospitali, huokoa maisha ya watu ambao haitawahi kujua dini wala kabila lao.

Huduma nyingine ni ya upatanisho. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu walipata hifadhi katika ua wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret. Askofu Cornelius Korir, aliyefariki mnamo 2017, alieleza njia iliyofuatwa baadaye katika kitabu chake Amani Mashinani: kila jamii ilisikilizwa kwanza peke yake, kisha jamii zikakutanishwa, na hatimaye zikashirikiana katika miradi yenye manufaa kwa pande zote. Kwa vijana, funzo ni kwamba barabara inayotengenezwa na mikono ya makabila mawili huwaleta watu pamoja kuliko hotuba kumi.

Kanuni zisizopuuzwa

Nia njema haitoshi. Kila senti inayochangwa yafaa iandikwe, na hesabu isomwe mbele ya waliochanga, kwa sababu kikundi kinachoshukiwa mara moja hupoteza imani ya waumini kwa miaka. Mtu mzima asiachwe peke yake na mtoto asiye wake, hata awe kiongozi wa kuheshimika kiasi gani. Siri za nyumba zilizotembelewa zisigeuzwe gumzo baada ya Misa. Na kabla ya kueneza picha ya mtoto, idhini ya mzazi au mlezi itafutwe, jinsi inavyotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ombaomba naye ana heshima yake. Kupokea unga hakumaanishi ameuza sura yake.

Kanisa Katoliki huadhimisha Siku ya Maskini Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mnamo 2017, kila Novemba, wiki mbili kabla ya Majilio. Huo ni wakati mwafaka, kabla ya pilkapilka za Krismasi, kwa kila kikundi cha vijana kufungua daftari lake na kuhesabu: katika nyumba zilizotembelewa Januari, ni ngapi ambazo bado zinatembelewa?