Mpaka wa Loitokitok na Vita vya Wadachi

Ipo hadithi isimuliwayo mno, ya kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Pili, mlima Kilimanjaro. Na kwamba ndiyo sababu mpaka wa Kenya na Tanzania, unaokuja umenyooka kutoka Ziwa Victoria, unajipinda karibu na Loitokitok na kuuacha mlima upande wa kusini. Hadithi hii ni tamu, lakini ni ya uongo. Mkataba uliochora mstari huo ulifungwa mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili hakushika ukaisari hadi 1888. Hata hivyo kosa la tarehe ni dogo. Ubaya wa hadithi ni kwamba inaugeuza unyang'anyi kuwa mambo ya bibi na mjukuu.

Dola la Ujerumani lilikuwa changa. Liliundwa mwaka 1871, baada ya Prussia kupigana na Denmark, Austria na Ufaransa. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikuwa tayari akizunguka Usagara na Ukami, akiwatia watawala saini katika karatasi wasizoweza kuzisoma. Februari 1885 serikali yake ikazipa karatasi hizo ulinzi. Kilimanjaro nako mbio zilikuwa zile zile. Mwingereza Harry Johnston alikwisha kupata mkataba wake Taveta mwaka 1884. Mwaka uliofuata, Mdachi Karl Jühlke alipata wake kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amekubali bendera ya Sultani Barghash wa Unguja. (Rindi alijua thamani ya kuwa na wageni wengi wanaoshindana.) Mapatano ya 1886 yakaiacha Taveta kwa Waingereza na Moshi kwa Wajerumani, na mstari ukazungushwa kwenye miguu ya kaskazini ya mlima. Wamasai wa Ilkisonko, ambao malisho yao yalikuwa pande zote mbili, hawakuitwa mezani.

Ujirani huo ulidumu kwa amani hadi Agosti 1914. Tarehe 15 mwezi huo Wajerumani waliiteka Taveta. Kisha vikosi vyao vidogo vikawa vinapenya nyika kavu iliyo kati ya mlima na reli ya Uganda, vikitega baruti kwenye reli. Katika nchi hiyo silaha ya kwanza ilikuwa maji. Tarehe 3 Novemba Waingereza waliushambulia mlima Longido, magharibi ya Loitokitok. Nyumbu waliobeba maji walikurupuka wakakimbia, na kabla ya usiku kwisha jeshi lilikuwa likirudi lilikotoka. Ni siku zile zile ambapo jeshi jingine lilishindwa vibaya Tanga. Njia haikufunguka hadi Machi 1916, Jenerali Smuts alipopita na majeshi pande mbili za Kilimanjaro, kundi moja likitokea Longido na jingine Taveta.

Aghalabu vitabu humsifu Lettow-Vorbeck kwa ujanja wake wa kutoshikwa hadi Novemba 1918. Jeshi lake, hata hivyo, lilikuwa la askari Waafrika kwa sehemu kubwa, na chakula cha pande zote mbili kilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi kuliko risasi. Lugha imewatunzia kumbukumbu kuliko makaburi: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zinatokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Baada ya vita Ujerumani ilinyang'anywa Tanganyika, ikapewa Uingereza. Sasa Mwingereza alitawala kusini na kaskazini ya Loitokitok, na bado mstari haukufutwa. Mwaka 1964, mjini Cairo, viongozi wa Afrika huru waliamua kuiheshimu mipaka waliyoirithi, kwa hofu ya vita ambavyo kuibadili kungeleta. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba, mkungu wa ndizi uliotoka Rombo kuja soko la Loitokitok, mwendo wa asubuhi moja, ulikuwa ni magendo.