Programu za kuchezea michezo ya zamani kwenye kompyuta: ipi ichaguliwe?

Mashine za michezo ya video zilizotamba katika miaka ya 1980 na 1990 zinazidi kuharibika, na wengi wanaotaka kuirudia michezo ya utotoni mwao sasa huicheza kwenye kompyuta.

Njia inayotumika ni emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye kuwa mashine nyingine. Programu hizo ziko nyingi na zilizo bora karibu zote hutolewa bure, lakini hazifanani. Anayechukua ya kwanza aionayo huenda akakumbana na mchezo unaokwama njiani, ama akapoteza hatua zote alizohifadhi kwa wiki kadhaa.

Na suala lenyewe si la burudani peke yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na shirika la Marekani la Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena. Kwa mingi kati ya hiyo, njia iliyobaki ni kupata mashine kongwe ambayo bado ni nzima, au kutumia emuleta.

Kasi au uaminifu

Jambo la kwanza la kupima ni nguvu ya kompyuta iliyopo.

Prosesa ya Super Nintendo, mashine iliyoingia sokoni Japan mwaka 1990, haikuzidi kasi ya megahazi 3.58. Hata hivyo bsnes, emuleta iliyoanza kutolewa mwaka 2004 kwa lengo la kuiga mashine hiyo bila kasoro, ilihitaji mwaka 2011 kompyuta ya takriban gigahazi 3, zaidi ya mara mia nane.

Sababu yake ni kwamba ndani ya mashine halisi prosesa, kifaa cha picha na kifaa cha sauti vilifanya kazi kwa wakati mmoja. Kompyuta hulazimika kuigiza nafasi ya kila kimoja kwa zamu, na kuhakikisha kwamba hakuna kinachowatangulia wenzake hata kwa sehemu ndogo mno ya sekunde.

Watunzi wa awali hawakuwa na kompyuta za namna hiyo, hivyo walikata njia za mkato. ZSNES, iliyoanza mwaka 1997, ilienda vizuri kwenye kompyuta dhaifu za siku zile, na michezo mashuhuri ilionekana sawasawa. Iliyoumia ni ile isiyojulikana sana. Katika Air Strike Patrol, kivuli cha ndege kinachomwonyesha mchezaji mahali bomu litakapoangukia kilitoweka kabisa. Katika mchezo mmoja wa Speedy Gonzales, emuleta za zamani ziliganda mchezaji alipokanyaga kitufe fulani karibu na mwisho, na asingeweza kuendelea.

ZSNES bado inasifiwa na wenye kumbukumbu nayo, lakini si ya kupendekezwa. Toleo lake la 1.51 ni la mwaka 2007, na mwaka 2015 ilibainika kuwa faili ya mchezo iliyochezewa kwa nia mbaya ingeweza kuitumia programu hiyo kuendesha amri ndani ya kompyuta ya mtu.

Kwa kompyuta dhaifu, Snes9x inatosha na ni nyepesi. Mwenye kompyuta ya miaka ya karibuni hana haja ya njia za mkato: achague bsnes, au Mesen, ambayo pia huchezesha michezo ya Nintendo ya kwanza na ya Game Boy kwa uaminifu mkubwa.

Kwa PlayStation ya kwanza, DuckStation ni chaguo zuri. Dolphin, ya GameCube na Wii, inadai kompyuta yenye nguvu zaidi. MAME, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Mwitaliano Nicola Salmoria, ni ya mashine kubwa za kumbi za michezo. Lengo lake la kwanza ni kuhifadhi kumbukumbu za mashine hizo, na wepesi wa matumizi huja baadaye. RetroArch, inayotajwa mara kwa mara, ni mwavuli unaokusanya emuleta nyingi mahali pamoja. Inafaa, ila wingi wa mipangilio yake humchosha anayeanza.

Kasi ya Afrika Mashariki

Waliokulia Afrika Mashariki wana suala lao la pekee. Wengi hawakuijua Nintendo halisi, bali nakala zake za bei nafuu zilizotengenezwa Asia, zenye kaseti moja iliyobeba michezo mingi.

Televisheni za eneo hilo zilifuata mfumo wa PAL, wa picha 50 kwa sekunde, wakati zile za Marekani na Japan zilionyesha takriban 60. Kwenye nakala zilizoundwa kwa ajili ya PAL, mchezo uleule ulikwenda polepole zaidi kwa kiasi cha moja ya sita, na muziki wake vivyo hivyo.

Kwa hiyo mtu anayeufungua mchezo huo leo katika mpangilio wa Kimarekani anaweza kudhani emuleta ina kasoro, kumbe ndiyo kasi uliyotungiwa. Anayetaka ile ya kumbukumbu zake atafute katika Mesen mpangilio uitwao Dendy, jina la nakala iliyouzwa Urusi kuanzia mwaka 1992.

Hifadhi za namna mbili

Kuna hifadhi inayofanywa na mchezo wenyewe, ambayo katika kaseti nyingi ilitunzwa na betri ndogo, na kuna picha ya papo hapo inayopigwa na emuleta. Ya kwanza kwa kawaida huhamishika kutoka programu moja hadi nyingine. Ya pili mara nyingi haihamishiki, na wakati mwingine hukataa hata katika toleo jipya la programu ileile. Katika mchezo mrefu, ni busara kutumia zote mbili.

Sheria

Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliipa ushindi kampuni ya Connectix dhidi ya Sony, na kukubali kwamba kutengeneza emuleta kwa kuchunguza mashine ya mwingine si kosa kwa yenyewe. Hukumu hiyo haikuhalalisha kunakili michezo. Programu ya kuwashia PlayStation, iitwayo BIOS, ambayo DuckStation huihitaji, nayo ina hakimiliki.

Mashine zinazouzwa bado ni hatari zaidi. Mwaka 2024 waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kuifunga.

Mwenye kaseti zake anaweza kununua kifaa cha kuzisomea kwenye kompyuta, ingawa sheria kuhusu nakala za binafsi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Asiye nazo anaweza kuanza na michezo mipya ambayo watunzi wa kujitegemea wanaendelea kuiandikia mashine hizo kongwe, baadhi yao wakiitoa bila malipo.