Utawala, Uongozi, Utumishi: Majina ya Elimu ya Serikali Huko Mzumbe

Msafiri atokaye mjini Morogoro kwa njia ya Iringa hufika, chini ya milima ya Uluguru, mahali paitwapo Mzumbe. Hapo, mwaka 1953, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifungua chuo cha kuwafunza machifu, watumishi wa mabaraza yao na madiwani kazi ya serikali za mitaa. Mwaka huo huo ilitungwa sheria iliyokusudia kuleta halmashauri zenye wajumbe mahali palipokuwa na chifu na wazee wake tu. Habari za chuo hicho kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata sheria zilizokianzisha na kukibadili. Lakini zina upande wa lugha pia, kwa kuwa elimu hiyo imebadilishiwa jina mara kwa mara, na kila jina lilimpa mwanafunzi fikira nyingine juu ya kazi aliyokuja kujifunza.

Wanafunzi wa mwanzo hawakuja mikono mitupu. Tangu zamani za Wadachi, waliotawala kwa mkono wa maliwali, maakida na majumbe, barua za serikali zilikuwa zikiandikwa kwa Kiswahili, na maneno yenyewe yalikuwa na umri mkubwa kuliko Wadachi. Serikali ni neno la asili ya Kiajemi. Diwani, kabla hajawa mjumbe wa halmashauri, alikuwa mkuu wa mji katika pwani ya Mrima, mwenye heshima na ada zake. Liwali na tawala ni ndugu: yote mawili yatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kushika mamlaka. Basi kwa sikio la Mswahili atawalaye yuko juu, na atawaliwaye yuko chini yake.

Hapa pana jambo ambalo walimu wa elimu hii hulipita haraka mno. Neno la Kiingereza lililofasiriwa kuwa utawala lina asili ya Kilatini, na ndani yake mna maana ya kutumikia. Tafsiri imelipandisha mtumishi kitini. Tena “utawala wa umma” ni maneno yenye pande mbili: yaweza kuwa utawala ulio mali ya umma, au kitendo cha kuutawala umma. Sarufi haikatai hata moja. “Utumishi wa umma” hauna hatari hiyo, maana kwa vyovyote uchambuliwavyo afisa hubaki mtumwaji.

Baada ya uhuru wa 1961 mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1963 machifu waliondolewa madaraka yao kwa sheria, na Mzumbe ikawapoteza watu iliowekewa kwanza. Huko Dar es Salaam chuo kikuu kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria kilikuja kuwa na taasisi yake ya utawala wa umma, na masomo yake yakawa kwa Kiingereza. Kisha mwanzoni mwa mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba Kiswahili kitumike katika ofisi za serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Njia zikaachana: ofisi ikageukia Kiswahili, darasa likabaki lilipokuwa.

Mwaka 1972 taasisi hiyo ya Dar es Salaam iliunganishwa na chuo cha Mzumbe, kikazaliwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Kiongozi yuko mbele, hayuko juu, na neno hilo liliafikiana vema na siasa ya wakati ule. Lakini mwaka huo huo serikali ilizivunja halmashauri za wilaya na kupeleka maofisa wake mikoani, hata chuo kilichoasisiwa kwa ajili ya serikali za mitaa kikapoteza jina lake pamoja na kitu chenyewe. Sheria ya kuzirudisha ilitungwa mwaka 1982.

Hasara ya kuachana kwa njia hizo huonekana kwa mhitimu anapoandika dokezo lake la kwanza au kusimama katika mkutano wa kijiji. Amesoma kwa Kiingereza kwamba ofisa hudaiwa hesabu ya aliyoyafanya. Anapolisema kwa Kiswahili, mkononi ana neno uwajibikaji, ambalo shina lake ni wajibu, si hesabu. Yeye amekusudia kudaiwa. Wasikilizaji wamesikia kutimiza kazi. Wananchi wenyewe ndio waliotengeneza palipopungua, kwa kunyambua tu: siku hizi husema fulani awajibishwe, na hapo hakuna asiyeelewa kwamba yuko mwenye kudai na mwenye kudaiwa. Kauli hiyo ya kutendeshwa yafaa kuingizwa katika vitabu vya elimu hii, kwani hufanya kazi ambayo nomino haikuiweza.

Mwaka 2001 sheria ilikifanya chuo kuwa Chuo Kikuu Mzumbe, na utawala na uongozi yote mawili yakatoka katika jina, likabaki la mahali. Serikalini maneno hayakuachwa. Idara iliyo chini ya Ofisi ya Rais imejiita Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora: neno geni limetangulia, mtumishi amewekwa katikati, na utawala, umekwisha kuongezewa sifa, umekaa mwisho.